Tabibu wa Shisanhang: Maisha ya Peter Parker

Wafanyabiashara wa Afrika Mashariki wanaofika Guangzhou kununua nguo kwa jumla wanaujua mtaa wa Shisanhang. Jina hilo maana yake ni nyumba kumi na tatu za biashara. Kuanzia mwaka 1757 hadi 1842, ukingo huu mwembamba wa Mto Pearl ndipo mahali ambapo wafanyabiashara wa Ulaya Magharibi na Marekani waliruhusiwa kununua chai na hariri za China, chini ya uangalizi wa matajiri wa Kichina waliopewa kibali na mfalme. Mji wenyewe wageni waliuita Canton, na lango la mji hawakuruhusiwa kulivuka.

Katika mtaa huo huo, tarehe 4 Novemba 1835, Mmarekani mwenye umri wa miaka 31 alifungua hospitali ya macho isiyotoza mgonjwa hata senti moja.

Peter Parker alizaliwa Framingham, katika jimbo la Massachusetts, mwaka 1804. Katika Chuo cha Yale alisomea dini na utabibu kwa pamoja, akapata shahada ya udaktari mwaka 1834. Bodi ya wamisionari iliyomtuma ilimwagiza bayana kwamba utabibu uwe mtumishi wa mahubiri, usije ukachukua nafasi yake. Alifika Canton mwezi Oktoba mwaka huo huo, kisha akaenda Singapore kujifunza Kichina.

Siku ya kwanza hospitali ilipofunguliwa hakutokea mgonjwa. Siku ya pili alikuja mwanamke mmoja mwenye maradhi ya macho. Baada ya hapo umati haukukatika: katika miezi mitatu ya mwanzo waliandikishwa wagonjwa 925. Parker alilazimika kugawa vipande vya mianzi vyenye namba ili kila mtu aingie kwa zamu yake.

Alikusudia kutibu macho, lakini walioteseka kwa mengineyo hawakukubali kurudishwa. Walikuja watu wenye uvimbe wa usoni, wa shingoni na wa taya, ule unaomnyima mtu chakula, usemi na hatimaye riziki, kwa kuwa mchuuzi au kibarua asiyeweza kusema wala kutazamwa usoni huishia kuomba. Mwanzoni mwa mwaka 1836 Parker alimpasua msichana wa miaka 13 aitwaye Akae, aliyekuwa na uvimbe mkubwa penye kipaji cha kulia, naye akapona. Baadaye alimtoa mvuvi mmoja uvimbe wa kifuani wenye uzito wa takriban ratili 15. Ikumbukwe kwamba dawa ya usingizi haikuwapo bado. Parker hakuanza kutumia etha mpaka mwaka 1847. Waliolazwa mezani kabla ya hapo walivumilia kisu wakiwa macho.

Je, gharama zililipwa na nani? Hapa ndipo habari ya Parker inapokuwa ngumu zaidi kuliko ya watakatifu wa kwenye vitabu. Jumba la hospitali lilikuwa mali ya Wu Bingjian, ambaye wageni walimwita Howqua, mkuu wa wafanyabiashara wa Shisanhang na mmoja wa matajiri wakubwa kabisa duniani katika zama zake. Mwaka 1834 utajiri wake ulikadiriwa kufikia dola milioni 26. Kodi ya jumba ilikuwa dola 500 kwa mwaka, lakini baadaye Howqua aliiachilia, hospitali ikakaa bure.

Wafadhili wengine walikuwa wageni. D.W.C. Olyphant, Mmarekani aliyekataa katakata kufanya biashara ya afyuni, alimsafirisha Parker bila nauli. Ila katika chama cha utabibu wa kimisionari kilichoanzishwa Canton mwezi Februari 1838 ili kuchangia hospitali hii na nyingine, alikuwamo pia William Jardine, daktari wa zamani wa meli aliyegeuka kuwa mfanyabiashara mashuhuri wa afyuni. Fedha iliyotokana na sumu ikanunua bandeji. Parker aliichukia afyuni, lakini fedha aliipokea.

Mwaka uliofuata, 1839, Lin Zexu, mjumbe maalumu wa mfalme, alifika Canton kuikomesha biashara hiyo. Aliwazingira wageni ndani ya Shisanhang hadi wakasalimisha makasha zaidi ya 20,000 ya afyuni. Lakini Lin huyo huyo alikuwa na ngiri. Hadhi yake haikumruhusu kuguswa na mgeni, kwa hiyo aliomba tiba kwa kupitia watu wa kati. Parker alimpelekea mkanda wa kubania ngiri na kumwandika kitabuni kama mgonjwa namba 6565, ijapokuwa hawakuwahi kuonana ana kwa ana.

Vita vilipozuka, hospitali ilifungwa mwaka 1840. Parker alirudi kwao, akazungumza mbele ya wabunge mjini Washington, kisha akavuka hadi Uingereza na Ufaransa kuwaombea wagonjwa wake michango. Mwishoni mwa mwaka 1842 alifungua milango upya. Howqua alifariki dunia mwaka uliofuata.

Hapo ndipo tabibu alipoanza kupotelea katika siasa. Mwaka 1844 alikuwa mkalimani wa Marekani katika mkataba wa Wangxia, na mwaka 1845 akawa katibu wa ubalozi. Mwaka 1847 bodi ya wamisionari iliachana naye. Alipokuwa mwakilishi mkuu wa Marekani nchini China, kati ya mwaka 1855 na 1857, aliishauri serikali yake ikitwae kisiwa cha Taiwan. Washington haikukubali. Kwa mtu ambaye Wachina wapatao 50,000 walikuwa wamemkabidhi miili yao, hilo lilikuwa pendekezo la aibu.

Hospitali alikuwa ameshamwachia John Kerr mwaka 1855. Mwezi Desemba 1856 moto uliteketeza nyumba za Shisanhang, na jumba la Howqua likaungua pamoja nazo. Kerr aliifungua tena mwaka 1859 katika mtaa mwingine, na mwaka 1886 Sun Yat-sen, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Jamhuri ya China, alisomea hapo utabibu.

Parker alifariki dunia Washington mwezi Januari 1888. Wagonjwa wake wangali wanaonekana. Lam Qua, mchoraji aliyekuwa na duka lake hapo hapo Shisanhang, aliwachora kwa rangi za mafuta bila malipo, kwa kuwa jamaa yake, Kwan Ato, alikuwa mwanafunzi wa Parker katika upasuaji. Zaidi ya picha 80 zimehifadhiwa Yale. Wamekaa wametulia, uvimbe uko wazi, na wengi wao wanamtazama mtazamaji moja kwa moja.