Winckelmann, Mwana wa Mshona Viatu

Katika mji wa Stendal, nchi ya Ujerumani, palikuwa na mshona viatu maskini. Mwaka 1717 akazaliwa mwanawe, akaitwa Johann Joachim Winckelmann. Mtoto huyo alipenda kusoma kuliko kucheza, naye alijipatia ada kwa kuimba njiani pamoja na wanafunzi wenzake. Mwalimu mkuu wa shule alikuwa karibu kipofu; akamchukua kijana nyumbani kwake amwongoze na kumsomea vitabu. Hivyo Winckelmann akapata kujifunza Kiyunani.

Mwaka 1738 aliingia Chuo Kikuu cha Halle kusoma mambo ya dini. Historia ya sanaa haikuwa somo la chuo siku hizo. Baadaye akawa mwalimu wa shule ndogo miaka mitano: mchana aliwafundisha watoto alfabeti, na usiku alisoma vitabu vya Wayunani, akilala saa chache tu. Kisha akaajiriwa na bwana mmoja karibu na Dresden kutunza vitabu.

Mwaka 1754 akaingia Kanisa Katoliki, na mwaka uliofuata akaenda Roma. Wengine walinena kwamba alibadili dini kwa ajili ya safari hiyo. Mungu ndiye ajuaye moyo wa mtu.

Roma ilijaa sanamu za kale, na watu walizipa majina kwa kubahatisha. Winckelmann hakuridhika. Alikwenda mbele ya sanamu moja mara nyingi, akitazama nywele, mikono na mikunjo ya nguo, akapambanua kiungo cha zamani na kilichoongezwa na mafundi wa baadaye. Mwaka 1764 akatoa kitabu kikubwa cha historia ya sanaa ya kale. Waliomtangulia waliandika zaidi habari za maisha ya mafundi. Yeye alizipanga kazi zenyewe kwa mataifa na nyakati, Wamisri, Waetruski, Wayunani na Waroma, akaonyesha jinsi ufundi ulivyozaliwa, ukakua, ukafifia.

Hata hivyo hakufika Uyunani maishani mwake. Sanamu nyingi alizozidhani za Wayunani zimejulikana kuwa ni nakala za Waroma, na marmar aliyoisifu kwa weupe mara nyingi ilikuwa imepakwa rangi hapo kwanza. Lakini waliomsahihisha walifuata njia yake mwenyewe, ya kutazama kwanza ndipo kusema.

Mwaka 1768 alisafiri mpaka Vienna, na Malkia Maria Theresa akampa nishani za dhahabu na fedha. Akirudi, alingoja merikebu katika bandari ya Trieste. Katika nyumba ya wageni alifanya urafiki na jirani yake, Francesco Arcangeli, akamwonyesha nishani zile. Tarehe 8 Juni mtu huyo akamwingilia chumbani kwa kamba na kisu. Winckelmann akafa siku ile ile, mwenye umri wa miaka 50. Alikuwa akikisahihisha kitabu chake, nacho kikapigwa chapa tena Vienna mwaka 1776.