Jerry Lawson: Jamaa Aliyefanya Kaseti ya Gemu Ichomoke, Jina Likabaki Nje ya Lebo

Kama uliwahi kucheza zile TV gemu za zamani, hii unaijua. Kaseti imegoma, unaichomoa, unaipuliza vumbi, unairudisha, TV inawaka. Sasa cheki, kuna msee aliyehakikisha hiyo kaseti inaweza kuchomolewa na kurudishwa bila kuua mashine. Pengine hujawahi kusikia jina lake.

Gerald Anderson Lawson, wasee walimwita Jerry, alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 1 Disemba 1940, akalelewa Queens. Buda yake alikuwa kibarua wa bandarini mwenye njaa ya vitabu vya sayansi. Mathe alikuwa mkali kwa mambo ya shule. Darasa la kwanza, mwalimu alimbandikia karibu na dawati picha ya George Washington Carver, mwanasayansi mweusi, ajue hata yeye anaweza kufika huko. Hiyo kitu ilimkaa maisha yote.

Akiwa na miaka kama 13 alikuwa ameshaunda kituo chake cha redio kwa nyumba. Alipokua kidogo akawa anarekebisha TV za watu mtaani na kulipwa. Chuo aliingia, digrii hakumaliza. Hakuwa na karatasi, alikuwa na soda na mikono.

Miaka ya 1970 akahamia California na kuajiriwa na Fairchild, kampuni ya chipu. Jioni akirudi kwake, anaingia gereji. Huko ndiko aliunda Demolition Derby, gemu ya kutumbukiza sarafu iliyoendeshwa na prosesa ya kampuni yake mwenyewe, F8. Wakubwa wakajua. Badala ya kumfuta, wakampa kazi ya kuongoza upande wa gemu. Manze, ni mabosi wangapi unaowajua wanaweza kufanya hivyo?

Hapa tuwe wakweli kidogo, kwa sababu mitandaoni utaona ameitwa mvumbuzi wa kaseti peke yake. Sivyo. Wazo la kuweka programu kwa kitu cha kuchomeka lilitoka kwa Wallace Kirschner na Lawrence Haskel wa kampuni ndogo iliyoitwa Alpex, nao walikuwa na mashine ya majaribio. Lakini ile ilikuwa ya mezani tu, si ya kupeleka dukani. Jerry na timu yake ndio walitoa prosesa ya Intel wakaweka F8, na wakahangaika na swali gumu: mtoto akichomeka na kuchomoa mara elfu moja, chipu itabaki hai? Juu ya hiyo, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilitaka mashine isivuruge mawimbi ya TV za majirani. Kaseti nazo zilipitishwa kwa hayo macho. Si mchezo.

Novemba 1976, Fairchild Channel F ikaingia sokoni. Kaseti zake zilikuwa za manjano, kubwa kama za muziki wa enzi hizo, zenye namba na lebo za rangi kali hadi leo wakusanyaji wanazionea wivu. Na ilikuwa na kitufe cha kusimamisha gemu ukaenda kula. Hiyo ya kukomesha mathe akiita, walikuwa nayo mapema!

Mwaka uliofuata Atari wakaja na yao, wakatoboa vibaya sana, na watu wakasahau nani alitangulia. Jerry akaondoka, akafungua Videosoft mwaka 1980 kuunda gemu za hiyo hiyo mashine ya Atari. Soko la gemu Marekani likaanguka 1983, Videosoft nayo ikazama.

Baadaye kisukari kikamvamia. Kikachukua mguu mmoja na jicho moja. Hata hivyo hakuacha kuunda vitu kwake. Machi 2011, chama cha watengenezaji gemu, IGDA, hatimaye kikamwita mbele na kumheshimu. Tarehe 9 Aprili mwezi uliofuata akaaga, akiwa na miaka 70. Miaka 35 ya kungoja, kisha wiki chache tu za kufurahia. Inauma.

Leo kuna wasee wanaochoma gemu mpya kwa chipu, wanazitia ndani ya maganda ya kaseti kuukuu, kisha wanakaa usiku kwa kompyuta wakichora lebo. Wanachapa kwa karatasi ya stika, wanakata kwa wembe polepole, na ikikaa upande wanabandua waanze upya. Hata Channel F imepata gemu za aina hiyo, miongo baada ya duka la mwisho kuacha kuiuza. Kazi ya usiku, baada ya job, bila bosi kukuambia. Jerry angewatambua hao mara moja.

Na wewe, kaseti yako ya kwanza ilikuwa ya gemu gani, na lebo yake ilikuwa bado iko ama ilikuwa imeshabanduka?