Daktari John Gibbon na Usingizi wa Mgonjwa wa Moyo

Mtu apasuliwapo tumbo au mguu, mtoa nusukaputi aweza kumvutisha mvuke wa dawa. Mapafu huupokea, damu huuchukua hadi ubongoni, na mgonjwa akalala fofofo. Je, apasuliwapo moyo wenyewe, nao umesimamishwa na mapafu yamepumzishwa, usingizi huo utapita njia gani? Swali hilo lililetwa katika vyumba vya upasuaji na kazi ya marehemu Daktari John Gibbon wa Philadelphia, Marekani, mtu aliyetengeneza mashine ya kufanya kazi ya moyo na mapafu.

Alizaliwa mwaka 1903 katika ukoo wa matabibu. Babaye alikuwa daktari wa upasuaji. Yeye mwenyewe ujanani karibu aache udaktari awe mwandishi, ila baba yake alimsihi amalize masomo kwanza. Akamaliza mwaka 1927.

Akiwa Boston, aliwekwa kando ya kitanda cha mama mmoja ambaye baada ya kupasuliwa nyongo alipatwa na donge la damu lililoziba njia ya kwenda mapafuni. Usiku kucha Gibbon alimpima mapigo na shinikizo la damu, huku akimwona anazidi kufifia. Kulipokucha mkuu wake, Daktari Churchill, alimpasua na kuyatoa madonge kwa dakika chache tu, lakini mama yule hakupona. Katika kesha hilo ndipo Gibbon alipowaza: laiti damu ile nyeusi ingevutwa nje ya mwili, ikatiwa oksijeni, kisha ikarudishwa mshipani!

Wakubwa wake wengi hawakuona matumaini katika wazo hilo. Mkewe, Mary, ambaye walioana mwaka 1931, ndiye aliyekuwa mwenziwe katika maabara. Waliwafanyia majaribio paka, wengine wakiwa wa kuokotwa mitaani, na mwaka 1935 paka aliweza kuishi kwa mashine huku mshipa wake wa kwenda mapafuni umebanwa. Ikaja Vita Kuu ya Pili, naye akaenda jeshini. Aliporejea Philadelphia alipata msaada wa mainjinia wa kampuni ya IBM.

Mgonjwa wa kwanza, mwaka 1952, alikuwa mtoto wa miezi 15, naye alifariki. Maiti ilipochunguzwa ilionekana kwamba ugonjwa wake haukuwa ule uliodhaniwa. Tarehe 6 Mei, 1953, akalazwa mezani msichana wa miaka 18 mwenye tundu katika ukuta wa moyo. Kwa dakika 26 uhai wake wote ulikuwa mikononi mwa mashine. Dawa ya kuzuia damu isigande haikutosha, na damu ikaanza kuganda ndani ya mashine; hata hivyo tundu lilishonwa, moyo ukapiga tena, na msichana akapona.

Turudi sasa kwa mtoa nusukaputi. Mapafu yakinyamaza, mvuke anaomvutisha mgonjwa haumfikii tena. Kadhalika damu huchanganyika na maji yaliyojazwa katika mipira ya mashine, nayo dawa iliyomo huzimuliwa. Hatari iliyopo ni ya kutisha: mgonjwa aliyelegezwa misuli kwa dawa aweza kuzinduka huku kifua ki wazi, asiweze kuinua hata kidole kuomba msaada. Kwa hiyo madaktari hupitisha dawa ya usingizi mshipani bila kukatiza, au huuchanganya mvuke wake na oksijeni iingiayo katika pafu la mashine. Mwili unapopoozwa, usingizi hutaka dawa kidogo zaidi. Ukipashwa moto, kipimo hubadilika tena. Kazi hiyo leo hufanywa hata Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Mwezi Julai, 1953, Gibbon aliwapasua watoto wawili wengine, nao wote wakafariki. Akaamuru mashine isitumiwe kwa mwaka mzima, naye mwenyewe hakupasua moyo kwa mashine hiyo tena. Wapo wanaosema alikata tamaa mapema mno, maana mwaka 1955 Daktari Kirklin wa Mayo Clinic aliichukua mashine hiyo, akairekebisha, na wagonjwa wakaanza kupona. Sisi hatuoni hivyo. Mtu aliyelazwa kwa kaputi hana ulimi wa kukataa, na mtoto hana hata kabla ya kulazwa. Aliyeshika kisu ndiye apaswaye kusema basi. Gibbon alisema basi wakati jina lake lilipokuwa linaanza kuvuma, kisha akawaachia wenziwe matunda ya miaka zaidi ya ishirini ya jasho lake na la mkewe, bila kuwazuilia siri yoyote.

Alistaafu mwaka 1967, akawa anachora picha. Tarehe 5 Februari, 1973, alikuwa akicheza tenisi moyo wake uliposimama.