GEORGE GERSHWIN: ALITOA FRANGA JUU YA KUSIKIA MAKOSA YAKE

Tumezoea kusoma hapa habari za watu wakubwa waliokufa zamani. Mara hii nimechagua mtu wa muziki, juu ya jambo moja alilolifanya ambalo wengi kati yetu tunaliogopa.

George Gershwin alizaliwa tarehe 26 mwezi wa 9, 1898, kule Brooklyn, katika mji wa New York, Marekani. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliotoka Urusi. Siku moja walinunua piano juu ya mkubwa wake Ira, lakini George njo aliyeikalia.

Mwaka 1914, akiwa na miaka 15, aliacha masomo na kuingia kazi katika nyumba ya kuuza nyimbo zilizochapwa. Kazi yake ilikuwa kupiga piano kutwa ili wanunuzi wasikie nyimbo mpya. Walimlipa dola 15 kwa juma. Walimu wachache walimfundisha piano na kanuni za kupatanisha sauti, lakini hakupita katika shule kubwa ya muziki wala hakuwa na diplome yake. Mambo mengi alijitafutia mwenyewe, kwa masikio na kwa vitabu.

Tarehe 12 mwezi wa 2, 1924, alipiga muziki wake uitwao Rhapsody in Blue, na jina lake likaenea. Lakini si yeye aliyegawanya muziki ule kwa vyombo vyote. Mtu mwingine, Ferde Grofé, alimfanyia kazi hiyo. Basi watu wakawa na mashaka: huyu anajua paka nyimbo fupi, ao anaweza pia kazi kubwa?

Walter Damrosch, mwongozi wa orkestra moja kubwa ya New York, akamwomba aandike konserto ya piano. Konserto ni muziki mrefu ambamo chombo kimoja kinasemezana na orkestra nzima, mara kinaongoza, mara kinajibu. Gershwin alikubali. Safari hii hakutaka mtu amwandikie. Alikamata kitabu cha kufundisha namna ya kuandikia orkestra, akaandika kuanzia mwezi wa 7 mpaka mwezi wa 11, 1925. Kila filimbi, kila tarumbeta, kila ngoma, aliipangia yeye mwenyewe.

Sasa angalieni alichofanya. Kazi ilikuwa imekwisha, na siku ya kuionyesha ilikuwa karibu. Angeweza kuifungia ndani ya sanduku na kungoja sifa. Lakini alijua ya kama karatasi haina sauti. Sisi wa korali tunalijua hili: noti zinaweza kupendeza kwenye ubao, kiisha waimbaji wanafungua kinywa na tunasikia mambo mengine. Gershwin akatoa franga zake mwenyewe, akalipa wapiga vyombo zaidi ya 50, akakodi nyumba ya michezo kwa alasiri moja. Rafiki yake Bill Daly aliongoza, yeye akakaa kwenye piano, na Damrosch alikuwa pale akisikiliza. Kiisha kusikia, Gershwin alirudi kwenye kazi yake na kukata sehemu kadhaa. Fikiri kidogo: kufuta mistari uliyoitolea jasho miezi mingi!

Tarehe 3 mwezi wa 12, 1925, konserto ile ilipigwa katika Carnegie Hall, Gershwin mwenyewe akiwa kwenye piano. Watu walipiga makofi mengi. Waandishi wa magazeti hawakupatana: wengine waliisifu, wengine waliilaumu. Lakini mpaka leo inapigwa katika inchi nyingi.

Sifa hazikumfanya aache kujifunza. Mwaka 1928 alitafuta mafundisho kwa Maurice Ravel na kwa Nadia Boulanger. Wote wawili hawakukubali kumfundisha, wakiogopa kuharibu kipaji alicho nacho. Hakukata tamaa. Kuanzia 1932 alisoma na mwalimu Joseph Schillinger, ingawa wakati huo alikuwa amekwisha kuwa tajiri na mwenye jina. Mwaka 1935 akatoa opera yake Porgy and Bess.

Mwezi wa 2, 1937, alipokuwa akipiga ile konserto kule Los Angeles, alipotelewa kidogo na muziki alioujua kuliko mtu yeyote. Ilikuwa dalili ya ugonjwa. Alikuwa na uvimbe katika ubongo. Alikufa tarehe 11 mwezi wa 7, 1937, akiwa na miaka 38 tu.

Ndugu zangu, sisi tunafanya namna gani? Tunaficha daftari zetu. Tukiona mwalimu anakaribia, tunafunika ukurasa kwa mkono, kusudi asione kosa. Halafu kosa lile linangoja, na linatoka siku ya mtihani wa Serikali, wakati hakuna tena wa kutusaidia. Mimi pia nimefunika ukurasa mara nyingi, nisijifanye mwenye haki.

Gershwin alilipa watu ili asikie makosa yake kabla ya siku kubwa. Sisi walimu wetu wako hapa kila siku, na hawatudai hata likuta moja juu ya kutusahihisha. Tuondoe mkono juu ya daftari.