Augustus d'Este: Aliyeandika jinsi miguu ilivyomwishia nguvu
Augustus d'Este, mjukuu wa Mfalme George wa Tatu wa Uingereza, alizaliwa mwaka 1794. Mwaka 1822 macho yake yaliingia ukungu, kisha yakapona. Mwaka 1827, akiwa Florence, Italia, alianza kuona vitu viwili viwili, miguu ikaisha nguvu, akaanguka. Alipata nafuu, lakini maradhi yalirudi. Aliandika kila badiliko katika shajara: ganzi, kuyumba, mkongojo, hatimaye kiti cha magurudumu. Alifariki mwaka 1848, miaka 20 kabla ya daktari Mfaransa Charcot kuueleza ugonjwa huo, MS, ambao kinga ya mwili hushambulia utando wa mishipa ya fahamu. Hadi leo, mwendo ukibadilika, mgonjwa anayekumbuka lini na vipi humsaidia daktari kuugundua mapema.