Maisha ya George Washington Carver, Dobi na Mtaalamu

Bwana Mhariri aliponitaka niandike maisha ya mtu mashuhuri katika gazeti letu la muhula huu, wenzangu walidhani nitaandika habari za mfalme au za jemadari. Mimi nimemchagua dobi. Ni kweli kwamba dobi huyu alikuwa pia mtaalamu wa mimea, mchoraji, na mwalimu wa chuo kwa zaidi ya miaka 46, lakini mimi nilimpenda kwanza kwa udobi wake, na sababu yake haina budi niieleze.

Tangu Kidato cha Pili nimekuwa nikifua na kupiga pasi mashati ya wenzangu kwa malipo madogo, nipate daftari, sabuni na nauli ya kurudi nyumbani wakati wa likizo. Jambo hili si siri bwenini. Wako walionipa jina ambalo sitaliandika hapa, maana kwao kufua nguo za watu ni kazi ya wanawake. Mwaka jana nilikuwa nimekwisha kata shauri kuiacha kazi hiyo, na bila hiyo nisingekuwa na njia ya kuendelea na masomo. Ndipo mwalimu wetu wa baiolojia aliponiazima kitabu cha maisha ya George Washington Carver, nami nikakisoma kwa siku tatu, pengine kwa mwanga wa taa ya korido baada ya kengele ya kulala.

Carver alizaliwa mtumwa katika jimbo la Missouri, Marekani, yapata mwaka 1864. Siku yake ya kuzaliwa haikuandikwa, kwa sababu watoto wa watumwa hawakuhesabiwa kwa namna hiyo. Mama yake, Mary, alikuwa mali ya mkulima aliyeitwa Moses Carver. Angali mtoto mchanga, wanyang'anyi waliwateka yeye na mama yake usiku. Moses Carver alimtuma mtu kuwafuata, na mtu yule akarudi na mtoto peke yake, naye akapewa farasi kuwa malipo. Mama hakuonekana tena. Watumwa wa Missouri walipoachwa huru mwaka 1865, George na kaka yake Jim walibaki kwa Moses na mkewe Susan, wakalelewa pale.

George alikuwa dhaifu, akiugua mara kwa mara, basi hakuweza kazi nzito za shamba. Susan akamfundisha kupika, kushona, kufuma, kufua na kutunza bustani. Hapo ndipo hasa pa kutazama, maana kila kitu alichokuja kuwafundisha watu baadaye kilianzia jikoni na bustanini kwa mwanamke huyo. Alipenda mno mimea, hata majirani wakamletea maua yao yaliyonyauka ayatibu.

Shule ya karibu haikupokea watoto weusi. Akaondoka peke yake, yungali mtoto, kwenda mji wa Neosho, akakaa kwa Mariah Watkins, mwanamke mkunga na dobi, ambaye alimwongezea elimu ya mitishamba. Tangu hapo alihama mji hadi mji katika jimbo la Kansas, akisoma na kujilipia kwa kupika na kufua. Katika mji wa Fort Scott, mwaka 1879, aliona kundi la watu likimwua mtu mweusi kikatili, akauhama mji ule mara moja. Baadaye chuo kimoja kilimkubali kwa barua, lakini alipofika na kuonekana kuwa ni mweusi, akakataliwa mlangoni. Akaenda kulima nyika za Kansas ambako miti ya kujengea ni haba, akajijengea nyumba kwa mabonge ya udongo yenye nyasi na mizizi yake, kama watu wa huko walivyofanya.

Mwaka 1890 chuo cha Simpson, katika jimbo la Iowa, kilimpokea. Alipokwisha lipa karo alibakiwa na senti 10 tu. Akanunua unga wa mahindi na mafuta ya ng'ombe, akala hivyo karibu juma zima. Kisha akaanza kufua nguo za wanafunzi wenzake. Niliposoma ukurasa huo niliurudia mara mbili. Mwalimu wake wa uchoraji alipoona jinsi anavyochora maua, akamshauri asomee mimea katika chuo cha kilimo cha Iowa mjini Ames, na huko alipata shahada ya kwanza mwaka 1894 na ya pili mwaka 1896.

Mwaka huohuo Booker T. Washington, mkuu wa chuo cha watu weusi cha Tuskegee katika jimbo la Alabama, alimwita aongoze masomo ya kilimo. Carver angeweza kubaki Iowa, penye maabara na vitabu. Huko Tuskegee hakukuta maabara yoyote. Akawachukua wanafunzi wake wakaenda majaani, wakaokota chupa, mitungi iliyovunjika, masufuria mabovu, nyaya na vipande vya mpira. Chupa ya wino ikatiwa utambi ikawa taa ya kuchemshia, na kikombe kizito kikawa kinu cha kutwangia. Kwa vifaa hivyo akapima udongo wa Alabama. (Wale wanaolalamika kwamba maabara yetu ina mizani moja wasome habari hii.)

Udongo wenyewe ulikuwa umechoka. Wakulima walipanda pamba mwaka baada ya mwaka, nayo hunyonya rutuba bila kurudisha kitu. Wengi walikuwa watumwa wa jana au watoto wao, wakilima mashamba ya watu na kuishi kwa madeni. Kuwaambia wanunue mbolea ya dukani kungekuwa mzaha. Carver akawafundisha kukusanya majani ya mwituni na matope ya kinamasi, kuyaozesha, na kuyatia shambani. Akawafundisha kubadilisha mazao, wapande kunde na karanga, ambazo mizizi yake ina vijidudu viwezavyo kuitia ardhini naitrojeni ya hewani. Na mdudu alaye vitumba vya pamba alipoingia Alabama miaka ya 1910, waliokuwa na karanga na viazi vitamu walikuwa na chakula.

Tangu mwaka 1898 alitoa vijitabu vya maneno mepesi, vyapata 44 kwa jumla, kwa ajili ya mkulima, mwalimu na mama wa nyumbani. Kimoja kilifundisha kulisha nguruwe kwa mbegu za miti ya mwaloni, kimoja kuhifadhi nyama wakati wa joto. Cha mwaka 1911 kilieleza jinsi ya kupaka kuta kwa udongo wa rangi unaochimbwa palepale wilayani, mwekundu, wa manjano au mweupe, ili hata kibanda cha mtu fukara kipendeze. Cha mwaka 1916 kilitoa njia 105 za kupika karanga. Na kwa kuwa si kila mtu aliweza kusoma, mwaka 1906 likatengenezwa gari la kukokotwa na baghala, yaani mnyama azaliwaye na punda na farasi, likapeleka majembe, mbegu na mafundisho hadi vijijini.

Mwaka 1921 alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Marekani kutetea wakulima wa karanga. Alipewa dakika 10, lakini alipoanza kutoa vitu sandukuni mwake, maziwa ya karanga, rangi, vyakula vya namna namna, wabunge wakamwongezea muda tena na tena. Tangu hapo akawa mashuhuri. Watu husema kwamba alibuni siagi ya karanga. Si kweli, ilikuwako kabla yake. Na katika vitu 300 hivi anavyotajiwa vya karanga, vingi havikupata kuuzwa dukani. Pia hakuwa hodari wa kazi za ofisi. Alipopewa kusimamia kuku wa chuo mambo yalienda vibaya, akagombana na mkuu wake, na zaidi ya mara moja akatishia kujiuzulu. Mimi sioni kwamba hayo yanampunguza. Vijitabu vyake navithamini kuliko orodha ile ya vitu 300.

Katika kijitabu chake cha viazi vitamu alieleza namna ya kutengeneza wanga wa kunyooshea nguo. Hapo nilifunga kitabu, nikaenda kuomba viazi kwa mpishi wetu. Nilivikuna kwa kopo nililolitoboa kwa msumari, nikatia maji, nikachuja kwa kitambaa, nikaacha yatulie. Carver amesema maji ya juu yamwagwe na wanga uoshwe tena kwa maji mapya. Mimi nilikuwa na haraka, sikuosha tena, na viazi vyenyewe sikuvimenya. Pasi ilipogusa mashati mawili ya kwanza yakatoka mabaka ya rangi ya chai. Wenyewe walikasirika kwa haki, na nikawafulia bure mwezi mzima.

Mara ya pili nilimenya, nikaosha mara tatu mpaka wanga ukawa mweupe, nikauanika juani juu ya bati. Kijiko kimoja hukorogwa kwanza kwa maji baridi, kisha humiminiwa maji ya moto. Kola husimama kama mpya. Lile jina la bwenini bado lipo, ila wanaoliita huleta mashati yao pia.

Carver hakuoa. Alivaa koti lilelile kuukuu na ua kifuani, na tai alizozitia rangi mwenyewe. Akiba yake yote, karibu dola 60,000, aliiachia Tuskegee kwa ajili ya uchunguzi wa kilimo. Alifariki tarehe 5 Januari 1943, akazikwa palepale chuoni kando ya Booker T. Washington. Mwaka uleule serikali ya Marekani ikalifanya shamba alikozaliwa mtumwa kuwa mahali pa ukumbusho wa taifa.

Kitabu nimekwisha kirudisha kwa mwalimu, nacho kina alama za maji ya sabuni katika kurasa mbili, ambazo naomba radhi. Jumamosi hii nina mashati 11.