Johann Ludwig Krapf, Mtu Aliyekesha

Mwaka 1850 chombo kimoja kilitoka Mombasa kikapita pwani hii yetu, kikielekea Kilwa na Rasi ya Delgado. Mji wa Dar es Salaam ulikuwa haujajengwa bado, wala Kariakoo na soko lake. Chomboni alikuwamo Johann Ludwig Krapf, Mlutheri wa Württemberg, ingawa alitumwa na chama cha misheni cha Waingereza.

Majaribu alikuwa ameyajua mapema. Julai 1844, alipokuwa mgeni bado Mombasa, mkewe Rosine alikufa kwa homa, na binti yao mchanga akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa kitandani. (Mjaribu hapendi kutujia tukiwa na nguvu.) Wala hakurudi kwao: aliomba, akaendelea kukifasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili.

Agosti 1851, karibu na mto Tana, wanyang'anyi walimwua Kivoi, mkuu wa Wakamba aliyefuatana naye. Krapf akabaki peke yake nyikani. Mchana alijificha, usiku alikwenda. Alikula majani, na maji aliyachukua katika mitutu ya bunduki. Huko kukesha na kuomba vilikuwa kitu kimoja. Si kama sisi, turudio sokoni tumechoka, tukasema maneno mawili matatu na kulala.

Mwaka 1853 maradhi yalimrudisha Ulaya. Novemba 1881, huko Korntal, aliingia chumbani mwake jioni. Asubuhi walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.